Harufu ya Rangi Mpya: Nyumba Ipumue Kwanza, Ndipo Tulale

Kila mwaka jarida letu hujaa mashairi, vitendawili na hadithi fupi, na ni vizuri iwe hivyo. Hata hivyo, Kiswahili si lugha ya fasihi peke yake. Ni lugha ya sayansi pia, na ni lugha ya nyumbani. Kwa hiyo nimeomba nafasi hii nilete somo moja la nyumbani: nini cha kufanya na harufu kali ya rangi, thina, gundi na vanishi wakati nyumba inapojengwa au kukarabatiwa, na jinsi ya kulinda hewa tunayoivuta humo ndani.

Pengine utauliza, somo hili linatuhusu nini sisi wa Turkana? Linatuhusu sana. Tangu serikali ya kaunti ianze kazi mwaka 2013, mji wa Lodwar umejengwa kwa kasi: ofisi, maduka, nyumba za kukodisha. Kakuma, ambako kambi ya wakimbizi ilifunguliwa mwaka 1992, na Kalobeyei iliyofuata mwaka 2015, kuna nyumba nyingi za mabati na za matofali. Kule Kalokol na Longech, kando ya Ghuba ya Ferguson, maji ya Ziwa Turkana yalipanda kuanzia mwaka 2019 na 2020, yakafunika makazi, na watu wengi wakalazimika kuhama na kujenga upya. Kila penye ujenzi pana rangi, na kila penye rangi pana harufu.

NYUMBA IPUMUAYO NA NYUMBA ISIYOPUMUA

Wazee wetu walijenga akai ya kulala na ekol ya kivuli cha mchana. Walitumia fito na majani ya mkoma. Nyumba kama hiyo hupitisha hewa kila upande. Hata moshi wa moto mdogo hupata njia ya kutokea. Hapakuwa na haja ya kumfundisha mtu habari za madirisha, maana ukuta wenyewe ulikuwa dirisha.

Nyumba ya matofali na mabati ni jambo jingine. Ukuta umepigwa plasta, sakafu ni ya saruji, dari ni ya plaiwudi au jipsamu, na mlango ni wa chuma. Isitoshe, madirisha tunayafunga wenyewe. Tunafunga kwa sababu ya vumbi, kwa sababu ya mbu, kwa sababu ya nge na nyoka, na kwa sababu ya mwizi. Sababu hizo ni za kweli, wala simlaumu mtu. Lakini matokeo yake ni kwamba chochote kinachotoka ukutani, darini au jikoni hubaki ndani pamoja nasi.

Sasa sikiliza mazungumzo haya ya kubuni, ambayo yangeweza kusikika katika mtaa wowote wa Lodwar:

Mama: Fundi, hii harufu itaisha lini? Watoto watalala wapi leo?
Fundi: Wasiwasi wa nini, mama? Rangi imeshakauka. Gusa tu uone. Leo leo mnaingia.
Mama: Na macho yako mbona mekundu hivyo, mwanangu?
Fundi: Ah, ni kazi tu, mama. Mimi nishazoea. Hata sisikii harufu yoyote.

Fundi huyu si mtu mbaya. Amesema anayoyaamini. Hata hivyo, katika maneno yake mna makosa mawili: la kwanza ni "imeshakauka", na la pili ni "nishazoea". Tukiyaelewa makosa haya mawili, tumelielewa somo lote.

KOSA LA KWANZA: "IMESHAKAUKA"

Rangi ina sehemu kuu tatu: unga wa rangi yenyewe, gundi inayoushika unga huo ukutani, na kiyeyushi kinachoifanya iwe majimaji ili ipakike kwa brashi. Rangi ya maji hutumia maji kama kiyeyushi kikuu. Rangi ya mafuta, ile inayong'aa tunayopaka milango, madirisha na vitanda vya chuma, hutumia viyeyushi vinavyotokana na mafuta ya petroli. Thina nayo ni kiyeyushi kitupu. Ndani yake mara nyingi mna kemikali kama tolini na zailini.

Rangi inapokauka, kiyeyushi hakipotei. Kinageuka mvuke na kuingia hewani. Harufu unayoisikia ni mvuke huo. Tena, rangi ya mafuta ikikauka juu kiasi cha kuguswa, ndani bado ni mbichi. Inaendelea kukomaa kwa kuvuta oksijeni ya hewani, na kazi hiyo huchukua siku nyingi, wakati mwingine majuma kadhaa. Kwa hiyo kidole kinaweza kusema "imekauka" na hali mapafu yanasema "bado".

Hebu tufanye hesabu kidogo, tuone ukubwa wa jambo lenyewe. Umoja wa Ulaya, tangu mwaka 2010, umeweka kikomo cha mvuke wa kemikali katika rangi. Rangi isiyong'aa ya kuta za ndani haitakiwi kuzidi gramu 30 kwa kila lita. Rangi ya mafuta ya milango na madirisha haitakiwi kuzidi gramu 300 kwa lita. Tuchukue chumba cha mita 4 kwa 3, chenye kimo cha mita 3. Ujazo wake ni mita za ujazo 36. Ukikipaka kopo moja la lita 4:

(a) Kwa rangi ya maji: 4 x 30 = gramu 120 za mvuke.
(b) Kwa rangi ya mafuta: 4 x 300 = gramu 1,200 za mvuke, yaani zaidi ya kilo moja!

Mvuke huo hautoki wote kwa mara moja, lakini mwishowe hutoka. Na fundi akiongeza nusu lita ya thina ili rangi iwe nyepesi, ameongeza kama gramu 400 nyingine, kwa kuwa thina yote huenda hewani. Umeona tofauti? Uchaguzi wa rangi dukani ni muhimu kuliko dawa yoyote ya kuondoa harufu baadaye.

Hapa Turkana tuna jambo la ziada: joto. Lodwar siku nyingi joto la mchana hupita digrii 35, na chini ya mabati huwa zaidi. Kadiri joto linavyopanda ndivyo kiyeyushi kinavyogeuka mvuke upesi. Joto hilo ni adui mlango ukifungwa, bali ni rafiki mlango ukiwa wazi, maana linafukuza mvuke ukutani ili upepo uuchukue.

Mbao nazo zina mambo yake. Plaiwudi na mbao za kubandikwa zimeunganishwa kwa gundi ambayo mara nyingi hutoa kemikali iitwayo formaldihaidi. Hiyo huwasha macho na koo, na mwaka 2004 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliitaja kuwa husababisha saratani kwa binadamu. Gundi hii haimalizi harufu yake kwa siku mbili. Huitoa polepole kwa miezi.

KOSA LA PILI: "NISHAZOEA"

Pua ya binadamu ni mlinzi mzuri, lakini ni mlinzi anayesinzia. Ukikaa katika harufu kwa muda, pua huchoka na kuacha kuripoti. Harufu ipo, mvuke upo, ila wewe huisikii tena. Fundi anaposema amezoea, pua yake ndiyo iliyozoea. Mapafu, ini na ubongo havizoei. Hii si hadithi. Mwaka 1989 shirika hilohilo la utafiti wa saratani liliiweka kazi ya upakaji rangi miongoni mwa kazi zinazosababisha saratani kwa wanaoifanya miaka mingi. Basi tuwahurumie mafundi wetu, tuwape nafasi ya kutoka nje, wala tusiwaharakishe.

Jaribio la kupima harufu ni rahisi: toka nje, tembea kwa dakika kumi au zaidi, kisha urudi. Au mwombe jirani ambaye hajaingia humo tangu asubuhi akupimie. Akikunja uso mlangoni, usilaze mtoto ndani.

Hata hivyo, lililo gumu zaidi ni hili: kuna sumu za nyumbani ambazo hazina harufu kabisa. Wahenga walinena, kikulacho ki nguoni mwako. Hizi hapa tatu:

1. Gesi ya makaa. Jiko la makaa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Gesi hii hushika damu mahali pa oksijeni, tena kwa nguvu zaidi ya mara 200. Mtu huanza kuumwa kichwa, akahisi usingizi, akalala asiamke. Kwetu huku si baridi inayotufanya tuingize jiko ndani, bali ni upepo unaopeperusha cheche. Na familia ikihamia nyumba mpya kabla jikoni hapajaisha, hupikia chumbani, dirisha limefungwa. Hiyo ni hatari mara mbili, kwani mvuke wa thina hushika moto pia. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni hadi kwenye jiko, na moto hurudi kwa kasi.

2. Vumbi la risasi. Rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi ili zing'ae na zikauke upesi. Siku hizi Kenya imeweka kikomo cha sehemu 90 tu kwa milioni, lakini rangi iliyopakwa zamani bado iko ukutani. Ukiipiga msasa ikiwa kavu, vumbi lake huingia puani na kutua kwenye sakafu anayotambaa mtoto. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama; huharibu ubongo wa mtoto, na darasani huonekana kama uzito wa kuelewa. Wakenya tunalijua jambo hili kutokana na mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa. Huko chanzo hakikuwa rangi bali kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, kilichoanza mwaka 2007 na kufungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Risasi ni ileile, iwe ya betri au ya rangi.

3. Vumbi la asbestosi. Yale mapaa ya kijivu ya majengo ya zamani, yanayofanana na mabati mazito, huenda ni ya asbestosi. Kenya iliipiga marufuku mwaka 2006. Paa likitulia halina shida kubwa, lakini likivunjwa, likikatwa kwa msumeno au likitobolewa, nyuzi zake ndogo huingia mapafuni na zinaweza kuleta saratani miaka mingi baadaye. Kazi ya kuliondoa si ya fundi wa mtaani, sembuse wanafunzi. Ni ya watu wenye leseni ya mamlaka ya mazingira, NEMA.

MAMBO TUNAYODHANI NI DAWA

Kila nyumba ina dawa yake ya harufu. Wengine hufukiza ubani au udi. Harufu nzuri hupanda juu ya ile mbaya, basi tunadhani tumepona. Kumbe mvuke wa rangi upo palepale, na moshi wa ubani umeongezeka. Wengine huweka ndoo ya maji katikati ya chumba. Viyeyushi vya rangi ya mafuta havipatani na maji, kwa hiyo ndoo hiyo haivuti kitu cha maana. Wengine hukata vitunguu, na matokeo ni nyumba inayonuka rangi na vitunguu. Makaa, je? Yapo makaa maalumu yaliyotayarishwa viwandani ili yavute gesi, hayo husaidia kiasi. Makaa yetu ya kawaida ya jikoni huvuta kidogo mno.

Tena kuna anayechanganya jiki na dawa ya kusafishia choo ili "iwe kali zaidi" kabla ya kupaka rangi. Tafadhali usithubutu! Jiki ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini, ambayo huchoma mapafu.

Na wale wanaopaka nguzo na fito oili chafu ya gari kwa ajili ya mchwa? Nje ya nyumba ni shauri jingine, lakini ndani ya chumba cha kulala oili hiyo haifai. Ina uchafu wa injini, na harufu yake hukaa muda mrefu.

FUNZO KUTOKA MBALI

Msidhani kosa hili ni la watu wasiosoma. Nchi tajiri nazo zimelifanya. Kuanzia mwaka 1973, mafuta yalipopanda bei duniani, Ulaya na Marekani walianza kuziba majengo ili yasipoteze joto. Baada ya muda wafanyakazi wa maofisini wakalalamika kuhusu kichwa, macho na uchovu. Hewa ilikuwa imefungiwa ndani pamoja na mivuke ya mazulia, gundi na rangi.

Mfano mwingine unatugusa zaidi, kwa sababu unahusu mafuriko na joto. Agosti 2005 tufani Katrina iliikumba Marekani kusini, na maelfu ya familia wakapewa nyumba za magurudumu zilizojengwa kwa plaiwudi na mbao za kubandikwa. Ni nchi ya joto, nyumba zenyewe ni ndogo, madirisha yamefungwa. Watu wakalalamika kuhusu macho na kifua. Kituo cha serikali cha kudhibiti magonjwa kilipima nyumba 519, na mwaka 2008 kikatangaza kuwa wastani wa formaldihaidi ulikuwa sehemu 77 kwa bilioni, kiwango kilicho juu kuliko cha nyumba za kawaida za Marekani. Watu walikimbia maji, wakakutana na sumu ndani ya nyumba ya msaada. Sisi wa kando ya Ghuba ya Ferguson tunaojenga upya baada ya ziwa kupanda, tuna haki ya kujifunza bila kuumia.

UPEPO WETU NI DAWA YA BURE

Hapa ndipo Turkana inapowashinda wengi. Kati ya nyanda za juu za Ethiopia na nyanda za juu za Kenya kuna njia kama mfereji, na upepo wa kusini-mashariki hupita humo ukiwa umebanwa, hivyo huongeza kasi. Mwaka 1982 watafiti wawili, Kinuthia na Asnani, walichapisha maelezo ya mkondo huu wa upepo kwa wanasayansi wa dunia. Upepo huohuo ndio unaozungusha mitambo 365 ya umeme iliyoko upande wa pili wa ziwa, Loiyangalani, iliyounganishwa na gridi ya taifa mwaka 2018. Kama unaweza kuzungusha mitambo mikubwa hivyo, utashindwaje kutoa harufu ya kopo moja la rangi?

Lakini upepo hauingii kwa kupiga hodi mlango mmoja. Lazima upate pa kuingilia na pa kutokea. Ukifungua dirisha moja tu, hewa hucheza pale dirishani na kurudi. Ukifungua dirisha la upande unaotoka upepo pamoja na mlango au dirisha la upande wa pili, chumba huwa kama filimbi.

Turudi kwenye chumba chetu cha mita za ujazo 36. Tuseme dirisha lina upana wa nusu mita na kimo cha mita moja, yaani nusu mita mraba, na nafasi ya kutokea ni kiasi hicho pia. Upepo ni mita 2 kwa sekunde, upepo mdogo kwetu. Tukikadiria kwamba nusu tu ya nguvu yake hupenya: 0.5 x 2 x 0.5 = mita za ujazo 0.5 kila sekunde. Gawanya 36 kwa 0.5, unapata sekunde 72. Yaani kwa dakika moja na ushei, hewa ya kiasi cha chumba kizima imepita! Haina maana kwamba harufu imekwisha kwa dakika hiyo, kwa kuwa ukuta unaendelea kutoa mvuke. Ina maana kwamba madirisha yakikaa wazi siku kadhaa, mvuke haupati nafasi ya kujikusanya.

HATUA KWA HATUA

Kabla ya kazi:
- Chagua rangi ya maji kwa kuta na dari. Rangi ya mafuta iachie milango na vyuma, tena vipakwe nje kisha viingizwe. Chokaa nayo haina kiyeyushi cha kunuka, na watu wa Lamu na Mombasa wameitumia kwenye kuta zao karne nyingi. Ila linda macho, chokaa mbichi huchoma.
- Ukuta ulioingiwa na maji uache ukauke kabisa. Maji ya Ziwa Turkana yana magadi. Ukipaka rangi juu ya ukuta wenye unyevu, chumvi huisukuma rangi ikabanduka, na kuvu huota chini yake. Kuvu pia huchafua hewa.
- Rangi ya zamani ilowanishe kabla ya kuipiga msasa, ufunike vyombo, na watoto wawe mbali.

Wakati wa kazi:
- Anza asubuhi, fungua pande zote mbili, ufanye kazi ukielekea mlangoni.
- Pasiwe na jiko, sigara wala taa ya koroboi karibu. Usitumie petroli kuzimua rangi.
- Kitambaa cha puani huzuia vumbi kiasi, lakini hakizuii mvuke. Dawa ya mvuke ni kutoka nje mara kwa mara.
- Thina isiwekwe katika chupa ya soda. Mtoto ataiona ni kinywaji.

Baada ya kazi:
- Makopo, brashi na vitambaa vitoke nje siku hiyohiyo.
- Lala kwingine, hata uani chini ya nyota, ambako kwetu si ajabu. Siku mbili au tatu za hewa ya kupita ni kiasi cha chini kwa chumba kilichopakwa rangi ya mafuta. Mama mjamzito, mtoto mchanga na mwenye pumu wangoje zaidi, hata juma zima.
- Weka wavu wa mbu dirishani na matundu ya hewa juu ya ukuta. Hivyo utazuia mbu na nyoka bila kuzuia hewa.

MABWENI YETU JE?

Ombi langu kwa walimu na wazazi ni fupi. Mabweni na vitanda vipakwe rangi likizo inapoanza, si wikendi ya mwisho kabla ya kufungua shule. Bweni moja hulaza wanafunzi wengi, usiku kucha, milango ikiwa imefungwa. Miongoni mwao hakosi mwenye pumu, na yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kupiga chafya na wa mwisho kupata usingizi. Aidha, mwongozo wa usalama wa shule wa mwaka 2008 ulitaka madirisha ya mabweni yasiwe na vyuma na milango ifunguke kwa nje. Huo uliandikwa hasa kwa ajili ya moto, lakini dirisha linalofunguka vizuri huokoa kwa moto na huokoa kwa hewa.

MTU AKIZIDIWA

Dalili ni macho kuwasha, kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na kifua kubana. Mtoe nje mara moja, mfungulie vifungo vya shingoni, akae penye kivuli na hewa. Ukimkuta mtu amezirai katika chumba kilichofungwa, ita watu kwanza, fungua mlango na madirisha, ndipo mwingie kumtoa. Wengi wamekufa wakiokoa. Mtoto akinywa thina au mafuta ya taa, usimtapishe, maana yakirudi huingia mapafuni. Mkimbize hospitali pamoja na chupa yenyewe ili daktari aione.

TAMATI

Ndugu wasomaji, kinga ni bora kuliko tiba. Tumeona kwamba rangi kavu si lazima iwe rangi salama, na kwamba pua iliyonyamaza haithibitishi kuwa hewa ni safi. Mababu zetu walijenga nyumba iliyopumua bila kufundishwa kemia. Sisi tunaojenga kwa saruji na mabati hatulazimiki kurudi kwenye majani ya mkoma, ila tunalazimika kuiachia nyumba njia mbili za hewa, ya kuingilia na ya kutokea. Likizo ijayo, ukikuta nyumbani wanapaka rangi, kuwa mwalimu wa nyumba yako. Mwambie baba, mwambie mama, kwa heshima: tungoje kidogo, nyumba ipumue kwanza.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini rangi ya mafuta huendelea kunuka hata ikishakauka kwa kuguswa?
2. Taja sumu mbili za nyumbani zisizo na harufu, na ueleze kila moja hutoka wapi.
3. Chumba kina urefu wa mita 5, upana wa mita 4 na kimo cha mita 3. Hewa ikiingia mita za ujazo 0.5 kwa sekunde, itachukua muda gani kupita hewa ya kiasi cha chumba kizima?
4. Nyumba yenu ina madirisha mangapi, na je, yapo mawili yanayotazamana na njia ya upepo?

MSAMIATI

Dari: sehemu ya juu ya ndani ya chumba, chini ya paa.
Kiyeyushi: kimiminika kinachoyeyusha kitu kingine.
Kuvu: uotaji kama unga au manyoya mahali penye unyevu.
Msasa: karatasi ya kukwaruzia na kulainishia ukuta au mbao.
Kuzimua: kupunguza uzito au ukali wa kitu cha majimaji kwa kukiongezea kingine.